Gigabaiti Thelathini na Mbili Zilizofichwa

Wananchi wote wa Mwanza na vitongoji vyake wanatangaziwa kwamba Ofisi ya Daftari la Viwanja imeshinda vita dhidi ya ufichaji. Ndivyo lilivyosema tangazo la getini, na fundi kompyuta Kashindye, aliyelibandika kwa mkono wake mwenyewe, alipolisoma alitamani kulibandua.

Mdomo huponza kichwa. Mkurugenzi Pius alimuuliza diski ya daftari ina ukubwa gani, naye akajibu ukweli, kosa ambalo watumishi wazoefu hawalifanyi.

"Gigabaiti mia nne themanini, Mkurugenzi. Ila ndani zimo mia tano na kumi na mbili. Hizo thelathini na mbili kiwanda kimezificha kama akiba."

"Zimefichwa? Ndani ya ofisi yangu?"

"Ni za kuzibia, Mkurugenzi. Sehemu ikichakaa, diski inachukua kipande huko. Kama mvuvi wa Nansio, haingii ziwani bila kipande cha wavu cha kushonea."

"Mvuvi aliyebeba wavu asiovulia ni mzembe," akasema Mkurugenzi, na kwa kuwa aliyasema hayo akiwa amesimama, ikawa sera.

Kamati ya Kufichua Nafasi Iliyofichwa ikakaa siku nne ng'ambo, Sengerema, maana ufichuaji unahitaji utulivu. Ikaazimia akiba ifunguliwe na kujazwa video za Mkurugenzi akikata utepe. Ikaazimia pia nakala ya daftari iliyokuwa kwenye diski nyingine ifutwe, kwa sababu daftari moja kukaa sehemu mbili ni dalili ya kujificha. Kashindye aliandika barua tatu za tahadhari. Zilipokelewa, zikagongwa mhuri, na mwandiko wake ukasifiwa kikaoni. Viwanja elfu tisa vya watu vilikuwa mikononi mwake. Alilia chooni, akanawa uso, akarudi kubonyeza alichoagizwa.

Wiki ya sita sehemu moja ya diski ikachakaa. Ikatafuta kiraka, ikamkuta Mkurugenzi anakata utepe. Ikazima, na daftari lote likaenda nayo.

Kesho yake watu wakafurika getini. Kashindye alijua leo anapigwa. Lakini Mama Selina wa Nyakato, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, alifungua fundo la kanga akatoa hati ya karatasi ndani ya mfuko wa nailoni.

"Kumbe mlidhani tuliwaamini?" akauliza bila hasira.

Nyuma yake kila mtu alikuwa na yake, iliyotoka chini ya godoro au ndani ya debe la mahindi. Kashindye nusura amkumbatie mama wa watu. Kufikia alasiri daftari lilikuwa linaandikwa upya.

Mmoja tu hakuwa na karatasi. Mkurugenzi Pius, mwasisi wa kampeni ya Ofisi Bila Karatasi, aliichana hati yake jukwaani, makofi yakapigwa. Na kanuni, yenye sahihi yake mwenyewe, ilitaka asiye na hati athibitishiwe mipaka na jirani. Jirani yake alikuwa Mama Selina.

"Shikamoo mama," akasema Mkurugenzi, kwa mara ya kwanza tangu ajenge ukuta kati yao.

"Marahaba, mwanangu. Twende nikuoneshe."

Kashindye akawafuata na daftari. Mama Selina akaupita ukuta wa Mkurugenzi, akalipita gari lake, akavua kandambili mlangoni kwa adabu, akaenda kusimama sebuleni, kati ya kochi na televisheni.

"Mpaka ni hapa," akasema. "Kashindye, andika."

Kashindye akaandika.