Shule ya Vioo na Ndoo Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Picha mpya imefika. Ya Kihindi, ya mapenzi ya shuleni. Dada kaileta mwenyewe ndani ya mkoba, kaizungushia kitambaa kama yai.

Dada ndiye mwenye ukumbi. Zamani ulikuwa ghala la saruji, na mpaka leo ukiegemea ukuta unaondoka na mgongo mweupe. Mimi ndiye mfasiri. Picha ikianza nakaa mbele, pembeni, na kipaza sauti changu, nawaeleza watu wanasema nini mle ndani. Kihindi sikijui. Sijawahi kulificha jambo hilo, ila pia hakuna aliyewahi kuniuliza. Natazama nyuso, natazama mikono, panapobaki pengo najaza.

Picha yenyewe, shule ya vioo vitupu. Mwanafunzi anaingia kwa helikopta, nywele hazitikisiki. Sare zimepigwa pasi hadi unaweza kukatia kitunguu. Wanafunzi wote wana ndevu, na mmoja nadhani ana presha. Daftari hakuna. Mwalimu mkuu kazi yake ni kupiga makofi. Kijana tajiri anampenda binti maskini, umaskini ambao tunaujua kwa sababu hereni zake ni ndogo.

Kabla hatujafungua milango Dada akaniambia watazamaji wanapungua. Nikasema ni mvua. Akasema mvua gani, hebu ona vumbi hilo. Kaweka ndoo mbili mlangoni. Kila anayetoka anapewa kizibo cha soda. Aliyependa akitumbukize kwenye nyekundu, asiyependa kwenye ya bluu. Mwenye maoni amwambie yeye, atakaa hapo kwenye kigoda. Mwisho wa wiki bluu ikizidi, kipaza sauti anapewa Kinyozi.

Kinyozi! Kijana wa duka la jirani, ambaye sifa yake kubwa ni kuongea na watu wasioweza kukimbia kwa sababu kawashikia wembe shingoni.

Nikafasiri kwa moyo wote. Bluu ikajaa. Mwalimu Mstaafu, anayekaa daima benchi la kwanza na fimbo yake, kauliza watoto hawa wanasoma saa ngapi. Mama Mkaa, anayeuza mkaa ng'ambo ya barabara, kasema picha ni nzuri sana ila kuna mtu anaongea humo ndani. Sijui alimsema nani.

Jumanne, 4 Machi

Sikulala vizuri. Bila kipaza sauti mimi ni nani? Ni mdogo wake Dada, anayefagia ukumbi. Ufagio huo nishaushika miaka mingi, sitaki urudi kuwa kazi yangu kamili.

Lakini mwenye akili husikiliza wateja. Mwalimu Mstaafu anataka masomo? Atapata masomo. Kuna mahali kijana na binti wako juu ya paa, mvua inawanyea, wanaangaliana kwa muda unaotosha kupika maharage. Mimi nikaweka hesabu. Kijana akamwambia binti kwamba pembetatu ina pembe tatu, naye hana hata moja ya kujificha. Binti akalia. Nikasema analia kwa sababu hajui jibu.

Walipoimba bustanini nikawapa somo la mbolea.

Nilitazama ndoo kwa mbali. Bluu tena. Mwalimu Mstaafu kamwambia Dada kwamba hesabu ile ilikuwa na makosa. Mwingine kasema alikuja kupumzika, kapewa mtihani. Wabishi.

Fundi Cherehani alikuwepo. Nieleze. Fundi ana chumba cha kushonea mkabala na ukumbi, na mimi nina nia naye. Nia ya halali, ya muda mrefu, ambayo bado sijamwambia. Mpaka sasa nimekuwa nikimpelekea suruali moja aipunguze, na kwa mwendo huu itakuwa kaptura kabla sijafungua kinywa. Leo katoka katikati ya msongamano. Kizibo chake sikuona kimeangukia wapi.

Jumatano, 5 Machi

Nimegundua tatizo. Picha haina vita. Watu hawawezi kukaa saa zote hizo wakitazama mtu anachana nywele.

Kwa hiyo leo nimewapa vita. Yale mashindano ya kucheza ngoma nimeyafanya mafunzo ya kijeshi. Baba yake binti, ambaye siku mbili zilizopita nilisema ni daktari na marehemu, leo nimemfanya mkuu wa wauza magendo. Huyo baba mwenyewe haonekani kwenye picha, kwa hiyo ana nafasi ya kuwa lolote. Ukumbi ukachangamka. Nikasema moyoni, haya Kinyozi, kanyoe.

Nilisahau kwamba wengine wanarudi kutazama tena. Mama Mkaa akasimama katikati ya picha, akasema Jumatatu alimlilia baba yule mpaka akalowesha kitambaa, sasa anaambiwa yu hai na anauza magendo. Akataka kujua machozi yake nani atamrudishia. Watu wakacheka. Si nami. Walinicheka.

Dada baadaye kanieleza taratibu, kwa ile sauti aliyokuwa akinitumia nikikojoa kitandani, kwamba watu wanaomba jambo dogo tu. Waelewe picha. Nikamwambia ndiyo kazi ninayoifanya usiku na mchana. Akashusha pumzi, akaenda kumwaga vizibo.

Alhamisi, 6 Machi

Leo niliweka vita pembeni nikaongea na moyo wa mtu mmoja.

Kila mara kijana tajiri alipofungua mdomo, nilimtia maneno yangu. Akamsifu binti kwa mikono yake inayojua sindano. Akasema sauti ya cherehani humtuliza jioni. Binti wa picha hajawahi kushika hata kifungo, lakini mwenye masikio alisikia. Benchi la nyuma mtu akakohoa kwa maana. Kinyozi, nadhani. Mimi jasho linanitoka, lakini jasho la heri.

Picha ilipokwisha nikajipenyeza nyuma ya mlango nisikilize maoni ya Fundi. Dada akamuuliza kapenda nini. Fundi akasema kampenda yule rafiki wa kijana tajiri. Yule mwembamba anayebeba mabegi. Akasema ndiye pekee mwenye adabu mle ndani. Wenzake wanaropoka tangu mwanzo hadi mwisho, yeye kimya, anatazama tu, na ukimtazama macho unajua anampenda binti kuliko wote. Mwanamume wa hivyo, akasema, mtu unaweza kuishi naye.

Nilibaki nyuma ya mlango. Yule rafiki anaongea sana tu! Ni kwamba kila akianza kuongea mimi ndio nakunywa maji.

Roho imeniuma. Nasema wazi. Nimemwonea wivu mtu wa kwenye ukuta uliopakwa chokaa.

Ijumaa, 7 Machi

Maji sikunywa leo.

Yule mwembamba alipofungua mdomo mara ya kwanza nikamfanya akiri kwamba begi analobeba kaliiba. Mara ya pili akamsengenya mama yake mzazi. Alipomtazama binti kwa yale macho yake, nikasema anawaza deni la kuku. Alipolia kwenye ngazi za shule, nikasema ana chango.

Nilidhani watu wataona ukweli. Ukumbi ukapigwa na butwaa, kisha ukapandwa na hasira. Mwalimu Mstaafu akagonga fimbo chini akasema debe tupu haliachi kuvuma. Mama Mkaa akanirushia kizibo, nacho kikanipata hapa juu ya jicho. Fundi akainuka kabla ya wimbo wa mwisho. Alipofika mlangoni safari hii nikaona vizuri. Bluu. Na hakukitumbukiza, alikibwaga.

Dada kasema inatosha. Kesho Kinyozi anajaribiwa. Akiwafaa watu, Jumapili ni zake na siku zote baada ya hapo. Kaniuliza kama nimesikia. Nimesikia. Nimefagia ukumbi mzima bila kuambiwa, nikajiona mjinga, nikakaa kwenye benchi la Fundi mpaka Dada akazima taa.

Jumamosi, 8 Machi

Alfajiri wazo likanijia. Zuri, jepesi.

Nimekaa kitini pangu ukumbini, nimefungua kitako cha kipaza sauti. Nimekata kipande cha waya mmoja mdogo kwa mkasi wa Dada, nikarudisha skrubu zote. Taa yake nyekundu inawaka kama kawaida, sauti haitoki. Kinyozi atabwabwaja, hakuna atakayemsikia, watu watampigia miluzi, na mimi nitainuka taratibu kama mwokozi.

(Baadaye.) Sijui niandike vipi. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa sakafuni. Kinyozi akaja na shati jeupe. Nikamnyooshea kipaza sauti kwa tabasamu. Akarudi nyuma kwa adabu, akasema mbele ya watu wote kwamba yeye ni mdogo, hawezi kushika kazi hii kaka yake mkubwa akiwa amekaa hapo. Kaka atangulie leo, yeye akae miguuni ajifunze, zamu yake ni kesho. Watu wakapiga makofi. Mwalimu Mstaafu akasema hayo ndiyo malezi. Dada akanitazama, macho yamemlegea kwa furaha.

Ningefanyaje? Kukataa ni kuonekana nina kinyongo. Kusema kibovu, Dada ndiye anayetengeneza vifaa vyote hapa, angekifungua papo hapo, angeona mkato, na mkasi angeutambua. Mchimba kisima nikaingia mwenyewe. Nikakaa kwenye kiti changu.

Picha nzima nilichezesha midomo. Nilinyanyua mikono, nilitikisa kichwa, sauti sikutoa hata chembe. Kinyozi miguuni pangu akanitazama, akakitazama kipaza sauti, akarudisha macho kwenye picha.

Nilingojea miluzi. Haikuja. Kwa mara ya kwanza nikasikia kwamba picha ina muziki hata wasipoimba, filimbi moja nyembamba inayorudi kila binti akiwa peke yake. Halafu Mama Mkaa akanong'ona, ukumbi mzima ukamsikia. Kumbe baba yake ndiye yule mfagiaji wa shule. Mwone binti anavyomficha uso wenzake wakipita. Tukatazama wote. Kweli, kuna mzee na ufagio, kila siku yupo pale nyuma ya vioo. Mimi nilidhani ni mpita njia. Mwishoni binti akauchukua ule ufagio mbele ya shule nzima, akaanza kufagia naye. Ukumbi ulilia. Hata mimi macho yaliniwasha. Ni ile saruji.

Nyekundu ilifurika mpaka vizibo vikamwagika barabarani.

Fundi kanifuata kitini. Kasema leo nimefanya kazi nzuri kuliko siku zote. Kasema hakujua kwamba naweza kuwaheshimu watu namna hii. Kesho atakaa benchi la mbele, na nikiwa mtulivu hivihivi, picha ikiisha ana jambo la kuongea nami. Nilifungua mdomo nimjibu, nikakosa la kusema. Akatabasamu!

Jumapili, 9 Machi

Nimeamka nikiwa mtu mwingine.

Dada kamwaga ndoo zote mezani. Jana peke yake imefunika wiki nzima. Kasema kipaza sauti ni changu, hana neno tena, ila niendelee vilevile kama jana. Kimya kingi kina mshindo mkuu, kaniambia, na kanishika bega. Kinyozi naye kapita asubuhi, kasema kajifunza kitu kikubwa na kazi hii haitaki tena. Kisha kanivuta pembeni, kanipa kipande kidogo cha waya alichokiokota chini ya kiti changu. Sijui alitaka nikifanyie nini. Labda anapenda usafi.

Nimetafakari ushindi wangu siku nzima. Kwa nini wamenipenda jana? Kwa sababu ya ukimya wangu. Ni ufundi, na ufundi wa namna ile si kila mtu anauweza. Lakini nina hofu moja. Watu wetu si wepesi. Wengine wanaweza kudhani jana niliishiwa maneno, au Mungu apishe mbali, kwamba kifaa kiliharibika. Jambo zuri lisipoelezwa hupotea bure.

Kwa hiyo leo, kabla ya picha, nitawaeleza. Nimeandaa hotuba kuhusu ukimya. Nimeirudia mbele ya kioo, inakaribia urefu wa picha yenyewe, lakini nitaisoma haraka. Na picha ikishaanza, ili asiwepo wa kupitwa, kila nikikaribia kunyamaza nitawatangazia kwamba sasa nanyamaza. Nikimaliza kunyamaza nitawaeleza nilinyamazia nini. Yule mfagiaji pia nitamweleza vizuri, tangu mwanzo, wasije wakamgundua wenyewe wakachoka.

Waya nimeuunga, sauti imekuwa kubwa kuliko zamani. Na nimeazima spika ya muuza dawa ya panya, ile inayosikika mpaka mtaa wa pili. Nimeielekeza kwenye benchi la mbele, upande wa Fundi, asikose hata neno moja.