Madam Hajapiga Makofi

Leo nimeaibika mbele ya afisa wa elimu, mwalimu mkuu na Gredi ya Tano nzima. Ngoja niwaeleze taratibu, maana hata aibu ina hatua zake.

Mnajua mimi ndiye huwahubiria walimu wenzangu hapa shuleni Kosele kuhusu kutuliza mawazo. Darasani kwangu hakuna kelele na hakuna kiboko. Watoto wakirudi kutoka chakula cha mchana wakiwa moto, nasema, "Tutulie." Wote wanafumba macho na kuvuta pumzi polepole. Nami nafumba, niwe mfano mwema. Hakuna anayefumbua mpaka nipige makofi. Tumefanya mazoezi muhula mzima. (Wameshika hilo kuliko hesabu.)

Mwalimu mkuu, Bwana Ouma, alijisifu kwa hilo huko Homa Bay mjini. Ndipo leo afisa akaja kuona kama ninafaa kuwa naibu wa mwalimu mkuu. Nafasi hiyo nimeisubiri tangu kifungua mimba wangu akiwa chekechea. Sasa ananyoa ndevu.

Jana nilichelewa kulala nikiandaa maelezo ya kumpa afisa: jinsi mwalimu anavyoweza kupanga muda wake ili alale mapema. (Ndiyo, nimesikia.) Mchana nikala ugali na dagaa wa omena, nikaongeza ugali kwa sababu mchuzi ulibaki. Nikaingia darasani, mabati yanachemka. Afisa alikuwa bado ofisini akinywa chai. Nikaona niwatulize watoto mapema, akija atukute tuko sawa.

"Tutulie," nikasema. Nikaketi. Nikafumba macho. Nikavuta pumzi ya kwanza.

Ya pili siikumbuki.

Yaliyofuata nimesimuliwa na Bwana Ouma, kwa furaha isiyo ya lazima. Yeye na afisa waliingia wakakuta kimya kabisa, macho yamefumbwa, migongo imenyooka. Afisa akapendezwa, akaketi nyuma. Wakangoja. Kisha mkoromo ukaanza. Afisa akadhani ni pikipiki barabarani, akasubiri ipite. Haikupita.

Bwana Ouma akaniita kwa jina. Kiranja wangu, Atieno, bila kufumbua macho, akamkanya kwa sauti ya chini:

"Shh, mwalimu. Madam hajapiga makofi."

Ikabidi afisa apige yeye. Watoto wakafumbua macho kwa pamoja, wakasema kama nilivyowafundisha, "Asante Madam, tumetulia." Mimi nikaruka kutoka kitini, mate shavuni, nikasema, "Amina."

Darasa langu, ambalo halina kelele, likapiga kelele za mwaka mzima.

Afisa aliniita nje. Akaniambia hajawahi kuona watoto wenye nidhamu kama wangu. Hata mwalimu akiondoka, wanaendelea. Nikajitetea kwamba sikuwa nimeondoka.

"Ulikuwa mbali sana, Madam," akasema. "Kuhusu unaibu, nitarudi Jumatatu. Asubuhi. Kabla ya ugali."

Kwa hiyo sijaukosa. Sijaupata pia. Niliporudi ndani, Atieno aliniuliza kama alifanya vizuri. Nikamwambia alifanya vizuri sana, na ni kweli; mtoto alishika somo hata mwalimu alipolipoteza.

Nanyi mnaotaka kucheka, fumbeni macho kwanza, mvute pumzi polepole. Mtacheka nikipiga makofi.