Kamati ya Kulinda Joto la Mkurugenzi

Saa mbili asubuhi, Januari 1974, kipimajoto cha korido ya Taasisi ya Msawazo wa Joto, hapa Siberia, kilisoma nyuzi nane. Cha ofisi ya mkurugenzi kilisoma ishirini na nne. Tofauti hiyo ilikuwa mafanikio ya Kamati ya Kulinda Joto, ambayo mimi ni katibu wake. Tulikusanya hita zote jengoni tukazipeleka kwa mkurugenzi, Averyan Kuzmich Polozov.

Faina Lvovna wa maabara alilalamika kwamba maji ya jaribio lake yakiganda jioni, kazi ya mwaka mzima imekwisha. Nilimweleza kwamba maombi ya hita hupokelewa na mkurugenzi mwenyewe.

Ndipo likatoka agizo la kihistoria. Kwa kuwa tumeiarifu wizara kwamba jengo zima lina joto, kuvaa koti kazini ni kuipinga taarifa yetu. Anayetaka kuvaa aombe kibali kwa mkurugenzi, ana kwa ana.

Walikuja wote. Foleni ilijaza korido, watu wamebanana bega kwa bega. Kila mmoja aliingia na baridi yake akatoka na joto kidogo, na mlango haukupata nafasi ya kufungwa. Nilimkumbusha mkurugenzi tasnifu yake, iliyothibitisha kwamba chembe zinazogongana mara nyingi hugawana joto mpaka zote ziwe sawa. Alisema hiyo ni kanuni ya chembe, si ya wakurugenzi.

Saa nane mchana ofisi ilisoma kumi na mbili. Korido, kwa miili ya watu, kumi na mbili. Kamati ilikutana kwa dharura ikaamua kwamba vipimajoto ni vibovu.

Mkurugenzi alitaka kuvaa koti, lakini hakuwa na kibali, na hakuweza kujiomba ana kwa ana. Saa tisa alitoka akitetemeka, akauliza kama aulizavyo kila mtu nchini mwetu akikuta foleni:

"Nani wa mwisho?"

"Mimi," alisema Faina Lvovna. "Umefuata nini huku, Averyan Kuzmich?"

"Joto tu. Nibaneni hapo katikati."

"Katikati pana wenyewe. Tia sahihi hapa kwanza." Alimpa ombi lake la hita, akageuka ili mgongo wake uwe meza.

"Mwache asome," alisema mtu wa mbele, "asije akadai chembe zimemwonea."

Alitia sahihi bila kusoma.

Saa tisa na nusu hita zote ziliingia maabara. Mkurugenzi alirithi nafasi ya Faina Lvovna, ya mwisho, katika foleni ya vibali vya koti. Ofisini hakukuwa na mtu wa kuvitoa.