Wafuasi Elfu wa Bwana Chaji

Mungu alimnyima Bwana Chaji mambo mengi, lakini ulimi alimpa na wa akiba. Siku hiyo alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, povu hadi masikioni, mwenye nyumba alipoingia na tangazo.

"Chumba cha mbele kitakuwa wazi Ijumaa. Nitampa mpangaji mwenye wafuasi wengi mtandaoni. Siku hizi mtu ni watu!"

Kinyozi akasimamisha wembe. Mlangoni, Mama Mshonaji akashika kiuno. Chumba chake kilikuwa nyuma kabisa, ukuta mmoja na choo, na wateja waliotafuta mlango wake waliishia kwenye ule mwingine. Mwezi mmoja zaidi huko, angeuza cherehani.

Chini ya povu, Bwana Chaji akatabasamu.

Kabla hajafutwa uso alikuwa amemwuzia kinyozi wafuasi mia tano. Kabla ya adhuhuri alikuwa kule nyuma, akimwuzia Mama Mshonaji mia sita.

"Mama yangu, hawa si wafuasi wa hivi hivi. Ni watu wazima, wenye familia zao."

Kesho yake kinyozi akaongeza, mama akaongeza, mpaka kila mmoja akafika elfu. Watu wazima wenyewe walikuwa simu kuukuu arobaini, zimepangwa kwenye kabati la vyombo chumbani kwa Bwana Chaji, nyaya zikining'inia kama tambi. Kila simu ilikuwa na watu ishirini na tano, na wote hao walikuwa Bwana Chaji.

Kilichomponza ni uvivu. Sifa za wafuasi hao aliziandika mara moja, akazibandika kote kote. Hakujua kwamba Mama Mshonaji husoma kwa kidole, neno kwa neno. Hajasoma sana kiasi cha kuruka mistari.

"Fundi," alimwambia kinyozi, simu mkononi, "chini ya picha ya gauni langu la bibi harusi mtu ananishukuru, eti ndevu zimekaa sawa."

Kinyozi akafungua yake. "Makubwa! Mimi nasifiwa kwa kubana vizuri kiunoni."

"Huyo wa kiunoni nimemwomba vipimo tangu juzi, kimya."

"Atavitoa wapi, mama? Hana hata miguu huyo."

Wakacheka, mpaka mteja aliyenyolewa nusu kichwa akauliza kama ndiyo staili yenyewe.

"Katuzalia watu elfu," alisema mama, akifuta machozi. "Sisi tumzalie mmoja tu."

Akazaliwa Bibi Mwekezaji, mwenye picha ya gari na salamu fupi za mtu asiye na muda. Mama aliomba toba kabla ya kubonyeza, asije akasahau baadaye. Ujumbe ukaenda: *Nahitaji wafuasi laki moja. Nitafutie na ofisi inayotazama barabara, ulipie mwaka mzima kwa jina la msaidizi wangu hili hapa. Nitakurudishia mara tatu. Tukutane humo Ijumaa, na uvae kama mtu.*

Bwana Chaji akachungulia wafuasi wa bibi huyo. Walikuwa wawili. "Tajiri wa kweli hajionyeshi," akajisemea, akaenda kushonesha suti kwa Mama Mshonaji, akalipa bila kuomba apunguziwe. Kisha mbio kwa mwenye nyumba.

Mwenye nyumba alipoona kodi ya mwaka mzima, habari za wafuasi zilimtoka kichwani kama ndoto ya asubuhi. Akasoma jina la kuandika kwenye risiti.

"Huyu mama namfahamu. Mcha Mungu sana."

"Sifa zake zimeenea," akajibu Bwana Chaji, ambaye alikuwa ametunga majina elfu lakini hakuwahi kumwuliza mshonaji jina lake.

Ijumaa asubuhi alikaa chumba cha mbele, suti imemkaa kama waziri. Mlango ukafunguka. Ikaingia cherehani, chini yake kinyozi akihema, nyuma yao Mama Mshonaji na pazia la kugawana chumba na kinyozi.

"Mwanangu, sogea. Hapo dirishani ndipo nitakapokaa."

"Mama, chumba hiki kina mwenyewe!"

"Ndiye mimi." Akampa kitambulisho.

Bwana Chaji akalitazama lile jina, akageuza kadi, akaigeuza tena. "Na... Bibi Mwekezaji?"

"Yuko na wale wafuasi wako," alisema kinyozi. "Wanakusalimia sana, na familia zao."

Bwana Chaji akatoka nje mbio, suti ikimeremeta, akaushitakia mtandao: jamani, kuna mtu huku anajifanya mtu! Mtandao ukampokea kwa heshima zote. Ukamwomba tu, kabla ya yote, athibitishe kwamba yeye ni binadamu, kwa kuchagua picha zenye ngazi.

Alikosea mara tatu, akafungiwa.