Kuhamisha Linux Katika Wiki ya Kipaimara

Jumatatu, 12 Mei 2025
Katekista Isidori ameniletea dukani daftari la watoto wa kipaimara. Majina themanini na nne. Niyachape, orodha iende kwa Askofu Ijumaa. Jina lisilokuwemo, mtoto anasubiri mwaka mwingine. Nikasema sawa, huku kompyuta yangu inajivuta kuwaka. Agripina, mwenye steshenari ya ng'ambo ya barabara hapa Basotu, akapita akauliza kama humo nimeinjika makande, mbona hayaivi. Wateja wakacheka. Basi. Linux, mfumo unaoiendesha, naihamishia kwenye diski mpya, ile ya kasi.

Jumanne, 13 Mei
Nimenakili kila kitu. Diski zote mbili nimeziacha ndani. Imewaka! Kasi sijaiona sana, labda ugeni. Nimechapa majina yote, mwanangu Verediana mgongoni analia meno. Nimemwambia vumilia mama, bado ishirini. Isidori amechukua daftari lake, ameenda vigango vya Balangdalalu mpaka Ijumaa.

Jumatano, 14 Mei
Nimechomoa diski ya zamani, nikampelekea Agripina zawadi. Nikamwambia mimi sina kazi nayo tena, yeye inaweza kumfaa. Mbele ya wateja wake! Nikarudi natembea kama mke wa diwani. Nikawasha. Kioo cheusi, maneno mawili tu: grub rescue. Nikazima, nikawasha. Cheusi. Nikamnyonyesha Verediana, tukalia wote.

Alhamisi, 15 Mei
Nimempigia mwalimu Modest wa sekondari. Akaeleza kwa upole kwamba nilinakili mafaili tu. Kile kiprogramu kinachoiamsha Linux kilibaki diski ya zamani, na Jumanne nzima kompyuta ilikuwa inaamkia huko huko. Niwashe kwa flashi, niweke hicho kiprogramu, ndiyo grub yenyewe, kwenye diski mpya. Mara mbili nimekosea jina la diski. Mara ya tatu ikawaka, chap! Nikaruka, mtoto akashtuka. Kisha nikafungua folda. Orodha hamna. Niliichapa Jumanne, kumbe inaingia diski ya zamani. Iko kwa Agripina. Simu ya Isidori haipatikani.

Ijumaa, 16 Mei
Asubuhi nimevuka barabara. Shikamoo dada. Marahaba, akajibu, akaendelea kukata karatasi. Nikaeleza yote. Nikauliza kama ameshaifuta. Akaweka mkasi mezani.
"Nilikuwa niifute leo mchana," akasema. "Mama Verediana, Sylvester wangu naye si yumo humo?"
Yumo. Namba hamsini na mbili.
Akaitoa diski kabatini, akanifuata mpaka dukani, akasimama nyuma yangu hadi karatasi ya mwisho ikatoka. Jina la mwanae akalisoma mara mbili. Saa nane Isidori amefika, amehesabu majina themanini na nne, ameondoka na karatasi zake.
Agripina hakuondoka. Ameona kompyuta yangu inavyowaka sasa. Ameomba nimhamishie na yake. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, kazi hii naijua. Kesho naanza kwa kuifuta diski yake ya zamani, diski mbili zisije zikatuchanganya.