Salamu Ishirini na Nane

Jumatatu, tarehe 8 mwezi wa sita

...eh, nilikuwa nimefika wapi? Mteja alinikatisha. Kwa Josefina! Donc, yaani, huyu jirani yangu Josefina anasimama mbele ya cherehani yangu, mikono kiunoni, ananiambia eti mtoto yake Elikana ndiye atapelekwa Muyinga. Anasema kama vile barua iko kwa mfuko. Barua iko wapi? Hakuna barua. Iko tu mdomo!

Mambo iko hivi. Hapa Musinzira, mtaa wetu wa Gitega, kuna senta moja ya kufundisha vijana kompyuta. Iko na walimu wadogo wawili wa majaribio: Elikana wa Josefina, na Yasmina wangu. Yasmina ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Mi ndiye shangazi, mi nilimlea. Wanafundisha Java. Java ni lugha ya kuongea na mashini, si ya kuongea na watu, ndiyo maana mi sikuisoma. Sasa senta inafungua klasi Muyinga. Wanataka mwalimu mmoja, kazi ya kweli, mshahara wa kweli. Bwana Egidius, direkta, yaani mkubwa wa senta, amesema Alhamisi kila mmoja atafundisha lisaa limoja mbele yake. Somo ni moja: namna mashini inapanga vitu vilivyovurugika. Atakayefundisha vizuri, Muyinga!

Miezi minane Yasmina anafundisha bila kulipwa. Akikosa hii, amesema atafunga vitabu, arudi kukata nyuzi hapa kwangu. Alisema akicheka. Lakini alikuwa anaangalia ukuta.

Hapana! Nyuzi nitakata mwenyewe. Nitamsaidia. Hajaniomba, lakini vijana wa siku hizi wana haya.

Tena mi na hii masomo tunajuana. Saa nne napelekaga chai ya Yasmina pale, nasikilizaga kwa dirisha. Siku moja alielezea rundo: kitu kimewekwa mwisho ndicho kinatoka kwanza. Vijana wakaandika mbio mbio. Mi nikacheka peke yangu na thermos. Miaka ishirini nauza vitenge kwa rundo, na mteja anataka kila mara kile cha chini kabisa! Wangeniuliza.

Jumanne, tarehe 9

Nilienda kwa Josefina kuazima pasi. Pasi yangu ni nzima. Nilitaka kuona.

Josefina alikulia Tanzania kwa kambi ya wakimbizi, Kiswahili yake ni ya redio. Akaniambia anaomba niirudishe pasi "ikiwa katika hali ileile". Hali gani? Pasi iko na hali?

Lakini niliona! Elikana alikuwa kwa meza, anajizoeza na vifuniko vya chupa, ameviandika namba. Anachukua viwili vilivyo jirani. Cha mbele kikiwa kikubwa, anabadilisha. Anasogea kwa jirani mwingine. Anafika mwisho wa mstari, anarudia toka mwanzo. Mpaka vyote vimepangika, kidogo mbele, kikubwa nyuma. Wanaita njia ya mapovu, kwa sababu kikubwa kinapanda polepole kama povu kwa maji. Josefina akaniuliza kama nimeona akili. Nikasema nimeona vifuniko.

Njiani nikasimama katikati ya barabara, mtu wa baiskeli akanitukana. Nilikuwa nimepata! Yeye ana vifuniko? Sisi tutaleta watu! Wanawake wanane wa kikundi chetu cha akina mama, namba kwa kifua, wanabadilishana nafasi mbele ya direkta. Nani atakumbuka vifuniko?

Nimekata namba kwa mabaki ya kitambaa. Shida ikaanza. Lucia hataki moja, anasema moja ni ya mtoto. Kasilda hataki mbili, anasema ataonekana kama bibi wa pili. Nikamwambia kila mmoja kwa siri namba yake ndiyo yenye heshima. Wote wakakubali. Amisa nimempa nane, yeye ni mkubwa na anapenda kuonekana. Tena bintiye amezaa mapacha wiki iliyopita, ana furaha, hatachoka kusimama.

Yasmina alipojua alishika kichwa. Eti shangazi, hapana. Eti somo lake limeshaandikwa. Nikamwambia namba zimeshashonwa. Halafu akasema bon, haya, labda vijana wataelewa vizuri wakiona watu. Huyu mtoto ana moyo wa baba yake. Anashindwaga haraka.

Jumatano, tarehe 10

Siku ya kazi nyingi! Nimepeleka godoro ya Yasmina Muyinga.

Sikiliza. Mahmudu wa vitunguu alikuwa anaenda kule na kamyoneti, kile kigari chake cha mizigo. Mafuta siku hizi ni ya kuwinda, gari haipatikani kila siku. Nikasema, kazi itapatikana kesho, godoro itaenda na nini? Nikapandisha godoro, ndoo mbili na meza yake. Nikapigia dada yangu Zawadi wa Muyinga, nikamwambia mwalimu anakuja. Akapiga vigelegele kwa simu. Amesema tayari majirani wanajua, na imamu pia.

Josefina aliona godoro inapanda. Akauliza kwa sauti, mtaa mzima usikie, kama Yasmina anahama kabla ya kuchaguliwa. Nikajibu tunapeleka kuanikwa. Muyinga? Ndiyo, kule jua ni zuri.

Yasmina amerudi, amekuta chumba iko na mkeka tu. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliniuliza polepole: Shangazi, nikikosa, nani ataenda kuomba godoro irudi?  Nikamkaangia mayai mawili.

Alhamisi, tarehe 11

Yoo! Leo naandika yote.

Elikana alianza. Vifuniko, ubao, kila kitu safi. Dakika thelathini amemaliza, vijana wakapiga makofi. Josefina alikuwa kwa dirisha la kulia, mi la kushoto. Akanitazama kama anayehurumia.

Zamu yetu. Wanawake wangu wanane wakaingia, wamependeza, mashalla! Namba zimevurugwa kwa makusudi, Amisa na nane yake mbele kabisa. Yasmina akasema wawili wa kwanza watazamane namba, mkubwa aende nyuma.

Sasa, mi hili sikulifikiria. Wewe unaweza kusimama uso kwa uso na mwenzio bila kumsalimia? Haiwezekani! Amisa akageuka kwa Lucia, mkono kwa mkono, habari ya nyumbani, habari ya watoto, mzee amepona? Na mapacha! Lucia alikuwa hajampa pongezi ya mapacha. Akampa yote. Ndipo wakabadilishana. Amisa akafika kwa wa tatu: habari ya nyumbani, mapacha ni wa kiume ama wa kike? Wa nne: mapacha wananyonya? Kifuniko cha chupa hakina mjukuu. Wanawake wangu wanao!

Amisa aliwapita wenzake saba hivyo. Dakika ishirini na tano. Akafika mwisho amechoka na furaha, na mstari mbele yake bado umevurugika. Yasmina akasema, kwa sauti ndogo, sasa turudie toka mwanzo.

Bwana Egidius akaangalia saa. Akaangalia tena. Mi nikaona Muyinga inaondoka na godoro yangu. Nikaingiza kichwa kwa dirisha, nikapiga kelele: Msisalimiane!

Kosa kubwa! Kasilda alikuwa ananyoosha mkono kwa Lucia. Akaurudisha. Lucia akabaki na mkono hewani. Akauliza mbele ya watu wote amemkosea nini Kasilda. Kasilda akasema si yeye, ni Kulthumu, yaani mi. Lucia akasema basi Kulthumu ndiye mume wako, unamtii? Kasilda akaanza kung'oa namba kwa kifua, uzi unachanika traa! Vijana wanacheka. Josefina anacheka zaidi. Mi nilitamani ardhi ya Gitega yote inifunike.

Ndipo Yasmina akafanya kitu. Hakulia. Aliniambia shangazi, toa kichwa. Nikatoa. Akaenda kwa Lucia na Kasilda, akapiga goti kidogo, akasema mama zangu, salamu zinabaki, hakuna atakayepitwa. Akageukia vijana, uso umebadilika kabisa, kama mtu aliyewashiwa taa. Akawauliza: tumesalimiana mara ngapi? Saba, wakasema. Tukiendelea hivi mpaka mwisho? Wakahesabu kwa daftari: saba, kisha sita, kisha tano, mpaka moja, maana kila mzunguko mmoja anakaa mahali pake. Ishirini na nane! Akawaambia sawa, sasa muone ni nini inakula wakati. Si kutembea. Ni kukutana. Kila mashini inapolinganisha vitu viwili, ni kama mama wawili wamekutana. Na wakiwa mama mia nane? Kijana mmoja akapiga hesabu, akasimama: laki tatu na kitu! Amisa akasema yoo, tutakufa tunasalimiana.

Yasmina akasema basi hatuwakatazi salamu, tunapunguza kukutana bure. Akawapanga upya. Wawili wawili wakasalimiana, mdogo mbele. Kisha jozi mbili zikaunganishwa: wanaosalimiana ni wale wawili wa mbele tu, mwenye namba ndogo anatoka, anasimama kwa mstari mpya. Halafu anayefuata. Wanne wakakutana na wanne, vilevile. Mapacha walikuwa wameshaongelewa, salamu zikawa fupi. Vijana walihesabu kwa sauti kama kwenye mpira: kumi na nne! Kumi na tano! Kumi na sita! Na mstari ukakaa, Lucia mbele, Amisa nyuma, kama meno ya kitana. Akasema kwa wale mia nane, hata elfu saba hazifiki.

Kijana mmoja wa nyuma, ambaye huwa analala tu, akasema, donc ile njia ya kwanza ni kuionea mashini. Bwana Egidius akaweka kalamu chini. Akasema miaka kumi na tano anafundisha hii somo, hajawahi kuona mwanafunzi anahurumia mashini.

Sijui kama ni nzuri ama mbaya. Direkta hana uso wa kusomeka.

Ijumaa, tarehe 12

MUYINGA! Ni Yasmina! Ameitwa saa tatu, saa tatu na nusu amerudi anakimbia na viatu mkononi. Mkataba wa mwaka, mshahara kila mwezi. Tulilia, tukacheka, chai ikamwagika kwa kitenge cha mteja. Nitamwambia ndiyo mtindo mpya.

Elikana naye hakutupwa. Amepewa klasi ya hapa Gitega. Direkta amesema anaelezea wazi wazi. Nilipeleka sambusa kwa Josefina, na pasi yake. Akaikagua pasi chini na juu. Kisha akanikumbatia, akasema Yasmina alifundisha vizuri kuliko wote, na yeye alicheka hadi mbavu zikauma. Nikasema asante. Quand même, pamoja na yote, ana roho nzuri.

Kitu kimoja tu. Bwana Egidius ameomba Yasmina asafiri bila shangazi. Ameandika kabisa, na mhuri. Naelewa. Anaogopa nitamfunika mwalimu.

Jumamosi, tarehe 13

Yasmina ameondoka asubuhi. Zawadi amempokea na watu wa mtaa mzima, wanamuita Mwalimu, hajafika hata kwa mlango. Nyumba imenyamaza. Nilikaa kwa cherehani, nikafikiri sana, nikaona nimejifunza. Kuingilia kazi ya mtu si vizuri. Kuanzia leo sitaingilia kabisa mambo ya Yasmina.

Yasmina ana akili yake. Anayehitaji msaada ni Elikana.

Maskini, yuko peke yake na vifuniko! Na Jumatatu atafundisha foleni: aliyefika kwanza ndiye anahudumiwa kwanza. Foleni! Kitu ambacho mi najua toka sukari ilipopotea madukani! Nimemwambia Kasilda alete jamaa zake wa kijijini Buraza, na Amisa alete wa kwao Bukirasazi. Wanafanya mazoezi leo, kwa Josefina, kiwanja chake ni kikubwa. Sijamwambia Josefina, itakuwa zawadi. Nimewaagiza kitu kimoja tu: foleni ni foleni, hakuna anayepita mbele, hata awe nani, hata kama...

Ngoja. Josefina anaita kwa ukuta. Anauliza akina mama arobaini mlangoni kwake ni wa nani, na kwa nini wanamrudisha yeye nyuma ya mstari kwenye nyumba yake mwen... Anaita tena, sasa na jina la baba yangu. Nakuja, Josefina, naku...