Moshi wa Bi Harusi Asiye na Bwana

Jumatatu, 24 Novemba

Wewe, tumbo la Viola! Ndiyo, wewe! Huna adabu. Nani alikuambia ukae kimya mwezi mzima, halafu siku mtoto ana kazi ndipo uamke na kumkunja kama chapati? Mwezi uliopita ulimwangusha siku ya mtihani wa majaribio. Mwezi huu nimekuhesabia kwa vidole, nikarudia kwa punje za maharagwe, na jibu ni lile lile: utaamka Jumatatu ijayo, tarehe moja, siku ya mtihani wa hesabu. Mtihani wa kweli, wa kumaliza sekondari! Akiukosa, mwaka mzima umeliwa na mchwa. Kwa hiyo sikiliza vizuri, tumbo. Safari hii utakutana na mimi.

Na wewe Viola ni mbaya kuliko tumbo lako. Chango la mwezi lilipokushika hukuja kwangu, mimi nyanya yako, niliyezaa watoto saba bila kupiga kelele. (Mmoja, kelele kidogo.) Ulikimbilia kwa Olivia! Mganda wa duka la jirani! Akakupa uji, vidonge vya maumivu, na mfuko wa mpira wenye maji moto, umevishwa nguo kama mtoto mchanga. Baada ya saa moja nikakusikia unacheka. Dukani kwake! Nilikuwa nyuma ya ua nikisikiliza. Nikaumwa tumbo mimi.

Hiyo haitatokea tena. Siku saba ninazo.

Daftari hili linarudi ndani ya debe la unga. Naandika Kiswahili, kile alichonifundisha mwalimu Jerioth katika kambi ya wakimbizi Kenya, darasa la wazee, chini ya turubai, kabla hatujarudi Juba. Mwanangu Gune hawezi kukisoma. Viola anaweza, lakini Viola hagusi unga mpaka afokewe. Debe ni salama.

Jumanne, 25 Novemba

Nimepata dawa! Mwanamke mmoja alipita na kapu la mizizi. Akaapa kwamba inatuliza chango lolote. Nikamuuliza jina la mti. Akasema ni siri. Mwenye siri ana kitu! Nikachemsha sufuria nzima. Kwa kuwa mimi siyo mjinga, nikaonja kwanza. Bakuli moja. Nikangoja. Hakuna kitu. Bakuli la pili.

Saa nane: chooni.

Saa tisa: chooni.

Saa kumi: naandika haya nikiwa karibu na choo.

Viola akamwita Olivia. Nilisema simtaki. Akaja. Akasema, "Jaja, pole sana, mimi iko na dawa ya hiyo," akanikorogea maji yenye chumvi na sukari. Mimi siyo jaja wake, wala nyanya ya Mganda yeyote! Nimekunywa kwa hasira. Vikombe vitatu.

Mizizi iliyobaki nimeimwaga kwenye bamia. Bamia zimelala chini.

Jumatano, 26 Novemba

Asubuhi nzima nimelala chali nikifikiri, maana kusimama hakukuwezekana. Nikajiuliza, ndani ya ule mfuko wa Olivia kuna nini? Maji. Na maji yana nini? Joto. Basi! Dawa ni joto! Na joto liliumbwa na Olivia? Sisi hapa Juba tuna dukhan! Unachimba shimo, unatia makaa, unaweka kuni za talih, unakaa juu yake umefunikwa blanketi, na moshi unapanda mpaka mifupa inalegea. Mifuko mia moja ya mpira haifiki hapo.

Ni kweli, dukhan ni ya bi harusi na wake za watu. Msichana ambaye hajaolewa haikalii. Hiyo ni desturi. Lakini desturi haiendi kufanya mtihani wa hesabu.

Nikapanda boda mpaka soko la Konyo Konyo. Muuza talih akauliza nani anaolewa. Ningesema nini? Kwamba natibu chango la mjukuu? Soko zima lingecheka. Nikasema ni mambo ya nyumbani tu. Akapiga kigelegele, akaniongeza vipande viwili. Cha bure sikatai.

Alhamisi, 27 Novemba

Shimo tayari, nyuma ya jiko. Viola akakataa, akiniita nyanya kwa Kiarabu cha hapa: "Haboba, nje jua linakaanga mayai, na wewe unataka kunikaanga mimi?" Tena akasema siku zake hazijafika na tumbo haliumi. Nikamwambia mlango haufungwi mwizi akishaingia.

Akakaa. Blanketi mpaka shingoni, kichwa nje, kitabu cha hesabu mkononi. Yeye anasoma kanuni, mimi napepea makaa. Jasho likadondokea pembetatu zote. Saa nzima! Alipotoka, ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta ya simsim. Nikamuuliza, tumbo linauma? Akasema haliumi. Nikamuuliza tena. Haliumi!

Nimeshinda! Nimepita mbele ya duka la Olivia mara nne bila kununua kitu.

Ijumaa, 28 Novemba

Tatizo dogo. Harufu haitoki.

Tumemsugua kwa sabuni mara tatu. Ananukia zaidi. Pua yoyote ya Juba inajua harufu ile: huyu anaolewa. Shuleni wasichana walimpigia vigelegele. Mwalimu wa hesabu akampa pongezi, kisha akasema kwa huzuni kwamba alikuwa na kichwa kizuri. Alikuwa! Dereva wa gari la maji alipiga honi mlangoni petu mpaka kuku wakapanda paa. Mwanamke nisiyemjua akanisimamisha njiani, akauliza sare ya harusi ni rangi gani.

Nikasema kijani.

Sijui kwa nini. Ilikuwa vizuri kuulizwa.

Jumamosi, 29 Novemba

Gune amekuja kutoka mtaa wa Gudele. Huyu ni mwanangu wa tano. Tangu kaka yake, baba wa Viola, atutoke, Gune ndiye msemaji wa mtoto. Alikuja na Katekista Fulgensio, na Fulgensio alikuja na daftari. Nilipoona daftari nikajua siyo salamu.

Gune hakukaa. Akasema amesikia barabarani kwamba binti wa kaka yake ameshakalia talih, na sare ni kijani, na yeye baba mdogo hajaambiwa lolote. Bwana ni nani? Nikasema hakuna bwana. Akasema talih haiwaki bila bwana. Akamwambia Fulgensio aandike. Fulgensio akaandika akisoma kwa sauti: bwana, hakuna.

Ndipo Gune akasema neno baya. Viola afunge nguo zake, aende Gudele leo hii, akae kwake mpaka jambo lijulikane. Mtihani utangoja. Bi harusi hana kazi na pembetatu.

Viola alikuwa amesimama mlangoni, kitabu kifuani. Hakulia. Alinitazama tu. Macho yale yaliniuma kuliko mizizi. Tumbo lake lilikuwa bado limelala, na mimi nilikuwa nimeshalifanyia kazi yake ya kumkosesha mtihani.

Nikasimama. Nikasema, Gune, ni hedhi!

Fulgensio akasogeza sikio.

Nikarudia kwa nguvu, maana Fulgensio ni mzito wa sikio la kushoto. Nikaeleza yote. Damu, siku ngapi, tumbo la chini, mgongo, kutapika, pedi. Kwamba moshi ule ulikuwa dawa ya chango, siyo ya harusi. Gune akatazama viatu vyake. Nikamkumbusha kwamba bila damu hiyo asingekuwa na viatu wala miguu ya kuvivaa. Kalamu ya Fulgensio ikaanguka. Akauliza kwa upole, aandike au asiandike. Nikamwambia andika, tena kwa herufi kubwa!

Kumbe Olivia alikuwa nyuma ya ua akisikiliza. Tabia mbaya kabisa. Akaingia na mfuko wake wa mpira. "Baba Gune, Jaja nasema kweli. Ushahidi hii hapa." Akamkabidhi mikononi. Ulikuwa wa moto. Gune akaruka!

Ghafla Gune akakumbuka ana mkutano. Fulgensio akakumbuka mazishi. Nikamuuliza mazishi ya nani. Hakujua.

Viola anabaki!

Jumapili, 30 Novemba

Fulgensio alisimama kanisani na kutangaza kwamba harusi ya Viola haipo, kwa sababu za afya. Sasa watu wanadhani bwana harusi ni mgonjwa. Wameniletea sukari ya kumpa pole. Kilo tano. Nimewaambia anaendelea vizuri.

Jumatatu, 1 Desemba

Kumepambazuka na tumbo limeamka. Nilijua! Vidole vyangu havikosei. Viola amejikunja mkekani, midomo imekauka, anasema, Haboba, leo siwezi. Mtihani ni saa tatu.

Nikakimbilia shimo langu. Mvua ya usiku ilikuwa imelijaza. Talih imeloa yote. Ndani kuna chura. Nikamtazama chura. Chura akanitazama.

Nikaenda kwa Olivia. Nikamwambia goti langu linauma, naomba kuazima ule mfuko. Akalitazama goti langu vizuri. Akasema, "Goti ya Jaja nafanya mtihani saa ngapi?"

Mjeuri! Na maji alikuwa ameshachemsha.

Akanipa mfuko na vidonge vya kumpa Viola. Akasema ale kwanza, ameze sasa hivi, asingoje maumivu yapande mpaka juu. Na mtihani ukiisha tumpeleke kliniki, maana chango la kumtapisha mtu kila mwezi siyo la kuzoea. Nikamwambia najua. Sikuwa najua. Lakini uji wa karanga nimeupika mimi. Hilo liandikwe.

Saa mbili kasoro Viola akanyooka. Tukamfunga mfuko tumboni kwa kitenge, chini ya sare ya shule. Akapanda boda, mkono mmoja umeshika tumbo, mwingine umeshika rula. Mimi nikakaa kwenye benchi la Olivia. Mteja alitaka sabuni, Olivia akampa chumvi. Mteja alitaka chumvi, mimi nikamfukuza.

Saa saba akarudi. Anacheza! Barabarani, mbele ya watu! Maswali yote amejibu, na pembetatu mbili zilikuwa zile zile alizozitolea jasho kwenye moshi. Akanikumbatia mimi kwanza. Mimi kwanza! Olivia aliona.

Jioni hii nimekaa nikafikiri kwa utulivu. Ni wazi kilichomponya ni dukhan yangu ya Alhamisi. Joto lilikaa ndani yake siku nne, kama makaa chini ya majivu. Mfuko wa Olivia ulipuliza tu.

Gune amepiga simu sasa hivi, anapumua kama ng'ombe. Anasema watu wamemwona Viola kwenye chumba cha mtihani, tumbo limejaa chini ya sare. Ijumaa ananukia bi harusi, Jumatatu ana tumbo! Yuko njiani na Fulgensio. Daftari ni jipya.

Siogopi. Nimeshapata mpango. Wasichana wote wa mtaa huu wakinukia talih, nani atajua bi harusi ni yupi? Wako kumi na wanne. Nimewahesabu kwa maharagwe.

Viola! Acha kucheza, chukua jembe! Mtoe yule chura, panua shimo mara mbili. Na wewe Olivia, nakuona hapo nyuma ya ua, funga duka ulete mkeka. Unaanza wewe!